Talaka ya Sigara

Mume wangu alijifunza kuapia talaka Maskati. Unguja, tulikozaliwa sote wawili, sikupata kumsikia. Tulikuja huku mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, na jambo la mwanzo lililonishangaza halikuwa joto wala majabali. Ni wanaume walivyokuwa wakiapia talaka kama sisi tunavyosema "haki ya Mungu". Mgeni akikataa kuongezewa kahawa, mwenyeji humwapia talaka kwamba lazima ataongezewa, na mgeni hunywa kwa huruma. Mke wa mwenyeji yuko jikoni anachagua mchele, hana habari kwamba ndoa yake imening'inizwa kwenye kikombe cha kahawa.

Mwanzo nilicheka. Nilidhani hayo ni ya watu wa huku, wetu hawatayaokota. Kumbe mume wangu alikuwa akiyaokota moja moja, pamoja na kilemba na khanjari, jambia la kiunoni, ili asiitwe Mzinjibari kila anapopita sokoni.

Tulikaa nyumba ya mama yake, ndani ya ukuta wa mji. Mama mkwe wangu alizaliwa milimani, Omani ya ndani, akaolewa Unguja na kukaa huko miaka mingi, akarudi Omani kabla yetu. Kwake tumbaku ilikuwa haramu na hapana mjadala. Ndivyo walivyomfunza mashekhe wa kwao, na sikuwahi kumwona akijipinga katika hilo. Nje nako Sultani alikataza watu kuvuta njiani, na askari akikukuta na sigara mkononi unalala ndani. Hiyo ni kwa mwanamume. Mwanamke mwenye sigara njiani hawakumtungia hata adhabu, kwa sababu hakuna aliyemfikiria.

Na mimi nilikuwa navuta. Nilianza Mombasa, kwa shangazi yangu, miezi tuliyokaa tukingoja ruhusa ya kuingia Maskati. Shangazi alivuta, mume wangu alivuta, nikaona nami nina haki ya kukasirika kwa moshi. Sikuona haya wakati ule na sioni haya leo. Tulipofika Maskati tukawa tunavuta chumbani kwetu, mimi na mume wangu, dirisha wazi, na kopo la sigara chini ya kitanda. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu matamu ya siku.

Siku moja alasiri moshi ukashuka sebuleni. Mama mkwe alikuwa na kaka yake, mzee aliyeishi Unguja kama yeye, na wote wawili walikuwa na pua nzima. Mume wangu akaitwa. Mimi nikasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Nyumba yangu inanuka tumbaku," mama yake akamwambia. "N'nasali mimi humu. Au mnataka nisali njiani?"

Angeweza kusema "samahani, mama". Angeweza kusema "ni mimi". Lakini mjomba wake alikuwa akimtazama, na yeye alitaka aonekane mwanamume wa Maskati. Akasema kwa sauti ya juu: "Haivutwi tena sigara nyumba hii. Ikivutwa, mke wangu talaka tatu."

Tazameni maneno hayo. Hakusema "nikivuta". Alisema "ikivutwa". Kiswahili chetu kina njia ya kumficha mtendaji, sahani ikavunjika bila ya aliyeivunja, na siku ile kilimficha yeye kikaniacha mimi uwanjani. Kwa neno lile, sigara yoyote, ya mtu yeyote, ikiwashwa ndani ya kuta zile, mimi ndiye niliyeachika. Na mtu pekee aliyekuwa humo ndani kutwa na hamu ya sigara ni mimi.

Jioni nilimuuliza kama alijua alichosema.

"Nilisema tu," akajibu. "Watu wote wanasema."

"Basi ifute."

"Haifutiki. Ndo yamini hiyo. Wewe usivute tu, basi."

Usivute tu, basi. Yeye alikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, nje ya mji, ambako hakuna mama wala mjomba. Kule alivuta apendavyo, kwa sababu kambi si "nyumba hii". Alirudi jioni akitafuna hiliki, nguo zake zinanuka, akinitazama kama mtu aliyetatua tatizo. Mkuki kwa nguruwe. Nilimpenda mume wangu, niseme hilo wazi, nilivuka naye bahari na sikutaka kuachika naye. Ndiyo maana nilikasirika vile. Angekuwa mume nisiyemtaka, ningeliwasha sigara siku ile ile.

Nilijaribu kutafuta mwanya. Nilimuuliza mama mkwe, kama anayeuliza kwa elimu tu, iwapo dari la nyumba, kule juu tunakoanika samaki, linahesabiwa nyumba.

"Dari la nyumba ni nyumba," akasema, bila ya kuinua macho. "Na ngazi nayo nyumba. Na kizingiti nyumba. Uliza jengine."

Hivyo ndani ni talaka na nje ni jela. Waswahili husema penye nia pana njia. Mimi njia nikaiona siku niliyompelekea jirani sahani ya visheti.

Jirani huyu alitoka Siloni, kile kisiwa cha kusini mwa Bara Hindi, mumewe karani wa benki, na nyumba yao ilitazamana na mlango wetu wa nyuma. Tulizungumza Kiingereza cha shule, yeye cha kwao na mimi cha Unguja, na pale kilipokwisha tulitumia mikono. Walikuwa Mabudha. Kwenye kona ya chumba chake palikuwa na sanamu ndogo juu ya rafu, na maua kwenye kisahani, ingawa maua Maskati si kitu cha kuokota njiani. Niliketi nikiipa mgongo rafu ile. Kisha nikamwomba ruhusa ya kuvuta.

Akaniletea kisosi cha majivu. Nilikuwa nimejitayarisha kukatazwa, na kwa kuwa sikukatazwa sikujua la kufanya na ule ukali wangu. Nikamuuliza dini yao inasemaje juu ya sigara.

Akafikiri. "Kuna ahadi tano tunazozichukua," akasema. "Ya tano ni kujiepusha na ulevi unaoharibu akili. Tumbaku haikutajwa. Wengine wanasema imo, wengine wanasema haimo. Watawa wetu wengine wanatafuna tambuu na tumbaku, na watu wanawapelekea kwa heshima."

"Kwa hivyo ni halali."

"Hatuna neno hilo," akasema.

Akanieleza kwamba zile tano si amri. Hakuna anayekuamrisha. Mtu husema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba anajichukulia zoezi la kujiepusha na jambo fulani. Alisema zoezi, kama zoezi la hesabu au la kuandika. Yeye mwenyewe alikuwa akitafuna tambuu yenye tumbaku tangu usichana wake. Siku moja ya mwezi mpevu, siku yao ya ibada, alivaa nguo nyeupe akakaa hekaluni kwao Siloni akidhani anatafakari, kumbe alikuwa akisubiri tambuu. Hilo lilimuudhi. Hakuogopa dhambi, ila aliona kwamba yeye amekaa kwenye mkeka na tumbaku ndiyo iliyomkalisha. Akajichukulia zoezi la kuiacha.

"Ukaacha siku ile ile?"

"Nilishindwa kesho yake."

"Sasa ukifanya nini?"

"Nikasema tena. Nikashindwa tena, nikasema tena."

Nikamuuliza kama hakuna kinachovunjika, kama hakuna wa kuachika. Alidhani hakunifahamu vizuri. Nilipomweleza kiapo cha mume wangu aliweka mkono mdomoni, na mpaka leo sijui alikuwa anazuia kicheko au kitu chengine. Mimi nilicheka kwa niaba yetu sote wawili, kisha nikalia, na sigara ikaungua yenyewe kwenye kisosi.

Nilianza kwenda kila alasiri. Alinipa sharti moja: nivute, lakini nikivuta nisifanye jambo jengine. Nisizungumze, nisinywe chai, na kichwani nisimlaumu mtu. Hilo la kutomlaumu mtu lilinishinda. Kila nikivuta pafu, mama mkwe alikuja, mume wangu alikuja na hiliki yake, Maskati nzima ilikuja na milango yake inayofungwa usiku, na Unguja ikaja na kila tulichokiacha nyuma. Jirani alikuwa ameketi pembeni akishona, haniangalii. Siku nilipoweza kuwaweka wote nje kwa muda mfupi, ikabaki sigara peke yake, niliona ni kitu kikavu, kichungu, kinachokwaruza koo. Nilikuwa sijapata kuionja. Nilikuwa nikionja hasira zangu.

Sitaki mtu aseme nilitiwa dini. Sikusujudia kitu, na swala zangu sikuziacha. Nilichofahamu kwa jirani yangu kilikuwa changu tangu utoto. Ramadhani tunatia nia kila usiku kwa ajili ya kesho, na aliyekosa saumu siku moja hulala akatia nia upya. Mwezi mzima nilikuwa sivuti mchana kutwa, na hakuna mwanamume aliyelazimika kuniapia talaka. Nilimweleza jirani neno hilo, nia. Akalirudia mara kadhaa kwa ulimi wake wa Kisiloni. Akasema kwao pia tendo hupimwa kwa nia, na kwamba neno letu fupi amelipenda.

Basi nikaacha sigara kwa nia, asubuhi kwa asubuhi. Sikuacha vizuri. Kichwa kiliniuma, nilimfokea kila mtu, nilitafuna ubani mpaka taya zikachoka. Nilishindwa mara nyingi, nikavuka uchochoro, nikavuta kwenye kisosi cha jirani, nikatia nia upya. Hakuna aliyenihesabia. Ikafika wakati nikawa navuka kwenda kushona naye tu, na kisosi kikarudi kabatini.

Nyumbani walilihisi. Mama mkwe alikuwa hasikii tena kikohozi changu cha asubuhi, na akajua anayopaswa kujua. Hakunipongeza mimi. Siku moja alasiri, mbele ya kaka yake na mwanawe, aliweka kikombe chini akasema: "Alhamdulillahi, talaka ile imemtia adabu. Nilijua. Mwanamke huacha tumbaku kwa khofu."

Mume wangu alicheka kidogo, kama mtu anayesifiwa kwa kazi yake. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa, na nahisi mpaka leo lilivyonichoma kiganjani. Miezi yote ile, kichwa kikinipasuka, nikianguka na kuinuka, na sasa yote yamekuwa kazi ya ulimi wake.

Mama mkwe hakuwa amemaliza. "Sasa mwanangu, apia na hili jengine. Mkeo keshazowea kukaa mbele ya sanamu la yule mama wa Siloni. Watu wanasema. Apia asitie tena mguu pale."

"Kweli," mjomba akasema. "Hilo halifai."

Mume wangu alijikohoza na kunyosha mgongo. Niliijua sauti iliyokuwa inakuja. "Wallahi," akaanza, "mke wangu ta..."

Koti lake la kazini lilikuwa limetundikwa msumarini, karibu nami. Nikatia mkono mfukoni mwake nikatoa paketi ya sigara na kiberiti, mbele ya mama yake. Nikaweka sigara mdomoni. Nikawasha njiti nikaishikilia mbele ya uso wangu.

"Malizia, bwana," nikamwambia. "Sema lote, nami niiwashe, tuwe tumeachana kwa kiapo cha mwanzo. Cha pili hutakihitaji."

Mama mkwe alikuwa akiitazama paketi, si mimi, na niliona anahesabu mfuko ni wa nani. Mume wangu alifungua kinywa. Nilimtazama machoni, na nilikuwa nampenda hata pale.

"Mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, na neno hilo hakuwa amepata kuniita mimi, "weka chini."

"Namngoja yeye, mama."

Moto ulifika kwenye vidole vyangu. Sikuuachia.

"Nimenyamaza," mume wangu akasema.

"Na kesho?"

"Sitoapa tena kwa jina lako."

Nikaipuliza njiti. Kesho yake alasiri nilivuka uchochoro kwa jirani yangu mbele ya macho yao, vidole vilivyoungua vimepakwa asali, na hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Mwaka wa sabini Sultani alipopinduliwa na mwanawe na mambo yakafunguka, watu walivuta njiani watakavyo, na mume wangu aliapa mengi maishani mwake, lakini talaka haikutoka tena kinywani mwake. Alidhani siku ile nilikuwa mwanamke mwenye hamu, na kwamba alinusurika na hamu yangu. Sigara ile nilikuwa siitaki hata kidogo. Harufu yake tu puani ilinitia kichefuchefu. Lakini angelimaliza lile neno, ningeliivuta yote.