Banda la Wembere Lisiloitikia Hodi

Niliondoka Singida Mjini nikiwa na hasira. Mkuu wangu katika ofisi ya ujenzi aliniita akaniambia, bila hata kunionyesha kiti, kwamba mtu amekutwa amekufa nje ya mlango wa banda nililolichora mimi. Lilikuwa moja ya mabanda ya wapitanjia katika nyika ya Wembere. Wananchi waliyajenga kwa nguvu zao mwaka ule watu walipohamia vijiji vya ujamaa, ili wanaovuka nyika kwa miguu wapate kivuli, maji na pa kulala.

"Nenda kalitazame," mkuu alisema. "Kama halifai, tutang'oa mlango na bati la mfereji tuvipeleke zahanati. Kuta wale mchwa."

Nami nililipenda banda lile, siwafichi. Nililichora kwa mfano wa tembe za kwetu: kuta nene za udongo, paa la miti lililofunikwa udongo, joto la mchana libaki nje na baridi ya usiku nayo ibaki nje. Mlango niliuelekeza upande usio na upepo. Mvua ya paani ilishuka mferejini hadi kwenye pipa. Hakuna kitu pale kilichohitaji mafuta ya taa wala fundi wa kutoka mjini. Sasa mtu anakufaje mlangoni?

Kijiji cha Kinampanda, ukingoni mwa nyika, nilifika jioni, mgongo ukiuma kwa kurushwarushwa na lori. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Msengi, mbeba chumvi anayeijua nyika kuliko shamba lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe Mnyaturu ndiye aliyetuchorea? Basi tutapona," alinitania, maana kabila lake na langu ni watani, kisha uso wake ukabadilika. "Aliyekufa ni mdogo wangu, Kiula. Kula kwanza."

Ugali na mlenda vililetwa na mjane wa Kiula, Mama Elia. Alinawisha mikono yetu, akabaki amesimama na birika.

"Ndani ya banda lile kuna nani?" aliniuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni nyumba ya wote."

Aliondoka na birika lake.

Asubuhi tuliteremka ukingo wa bonde. Chini, nyika ilikuwa ya kijivu, imepasuka kama kisigino, hakuna mti. Jua lilipopanda, banda lilionekana mbali likielea hewani, na kila tulipolisogelea nililiona limerudi nyuma. Mzee Msengi, aliyenitania njia nzima, aliacha utani, akaivuta kofia hadi machoni.

Alasiri tulifika. Niliingia kukagua kazi yangu. Kuta hazikuwa na ufa. Pipa lilijaa maji, na juu yake walielea nyuki waliokufa. Nikainama kutazama sakafu. Alama za viganja vya akina mama walioisiriba zilikuwa bado zimo, zimekauka, moja kando ya moja hadi ukutani. Hapakuwa na alama ya mguu hata moja isipokuwa yangu.

Nilitoka nikazunguka nyuma. Kwenye ukuta palikuwa na madoa meusi yanayong'aa, yamepangana, kwenye kimo cha mtu aliyeketi. Niliyagusa. Yalikuwa mafuta ya migongo ya watu. Watu walilala hapa, usiku baada ya usiku, wameegemea nyumba ambayo hawakuingia. Niliporudi mbele nilikuta doa moja peke yake, kando ya mlango.

"Hapo ndipo tulipomkuta," alisema Mzee Msengi. "Alikuwa na homa. Mvua ya mawe ikamkuta amekaa hapo hapo."

Upepo wa vumbi ukatufikia ghafla, mchana ukawa kahawia. Nilikimbilia ndani. Mzee alisimama kizingitini, vumbi likimpiga.

"Hodi," alisema.

"Ingia, mzee!"

"Wewe ni mgeni kama mimi. Mgeni hamkaribishi mgeni."

"Ni nyumba ya wote."

"Ya wote ndiyo ya nani? Nimepiga hodi hapa mara nyingi. Panakaa kimya, na kimya chenyewe kinakusikiliza."

Niliogopa, nasema kweli. Na mimi pia, tangu nizaliwe, sijaingia nyumba ya mtu bila kuitikiwa. Hii niliiingia kwa kuwa niliichora. Nikawasha moto kwenye jiko la banda, nikaketi kando yake kama mwenye nyumba.

"Karibu mzee. Pita ndani."

Akaingia, vumbi limejaa kwenye kope.

"Sasa pana mwenyeji," alisema. "Na kesho ukiondoka?"

Niliongeza kuni motoni.

Kulipopambazuka niliumwagia moto maji, tukaenda hadi banda la pili, ng'ambo ya nyika. Huko nako sakafu ilikuwa na alama za viganja tu, hakuna nyayo.

Wakati wa kurudi, tuliona moshi ukitoka kwenye banda lile la kwanza. Tulitazamana. Mzee Msengi alitangulia hadi mlangoni.

"Hodi."

"Karibuni. Piteni ndani."

Alikuwa Mama Elia, ana mkeka, chungu na kuku aliyefungwa mguu. Alikuwa amesindikizwa na wachunga ng'ombe, nao walikwishapita.

"Shemeji, usinitazame hivyo," alisema. "Mume wangu alipiga hodi hapa akakosa wa kumwitikia. Mimi nitaitikia."

Nilimweleza kwamba hii ni mali ya umma, ofisi hairuhusu mtu kuhamia.

"Basi waje wapige hodi," alinijibu, akatumiminia maji ya kunywa.

Asubuhi yake tuliaga. Anga lilikuwa jeupe, ardhi kavu. Tulikuwa hatujafika mbali tuliposikia sauti yake nyuma yetu, ya upole, kama ya mtu aliyesubiri sana.

"Karibu. Pita ndani, umelowa."

Tuligeuka. Njia ilikuwa tupu pande zote. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Msengi alivua kofia. "Kiula," alisema, machozi yakimtoka, kisha tukaendelea na safari.

Singida nilimwambia mkuu kwamba mlango using'olewe, na kila banda liongezwe chumba cha mwenyeji karibu na jiko, kwa sababu mpitanjia wa kwetu haingii asikoitikiwa. Chumba hicho ndicho ninachokichora kwanza siku hizi, kabla ya ukuta na paa. Mkuu alinung'unika, akakubali. Kisha akauliza kama yule mwanamke haogopi kukaa peke yake kule.

"Hakai peke yake," nilisema. "Wageni wanamfikia."