Jina Chini ya Kikombe cha Afande

Nichekeni sasa hivi mmalize, halafu mniache nisimulie mwenyewe, maana najua wengine wenu mkasa huu mmeusikia sokoni Kiboriloni ukiwa umetiwa chumvi (sikuzimia, na mzee hakutolewa na pingu, huo ni uongo wa wauza ndizi). Yaliyotokea kweli yanatosha kabisa kuniaibisha. Mpaka leo nikikaribia kile kituo cha polisi navuka barabara, hata kama upande wa pili kuna tope.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, niko kibandani kwangu nafungua mzigo wa mitumba, simu ikaita. Mama mkwe. Yeye anaishi kule juu Uru na siyo mtu wa kupiga simu asubuhi, kwa hiyo kabla sijapokea nilishajua kuna jambo.

"Mama Elia," akasema, "baba yako ameshuka tangu alfajiri, amevaa koti la kanisani, hakusema anakwenda wapi. Simu yake haipatikani. Na jirani aliyeko huko mjini amenipigia, anasema amemwona akiingia polisi."

Nikakaa juu ya nguo za watu. Baba mkwe wangu, Mzee Ndelilio, ni mzee wa kanisa, ndiye anayepatanisha watu wakigombana kwa mipaka na ng'ombe, na Jumapili ya wiki ile ile alikuwa asimikwe kuwa mwenyekiti wa wazee wa usharika. Jina lake likichafuka wiki hiyo, ndiyo basi tena. Mama mkwe alilijua hilo, ndiyo maana akamalizia kwa sauti ya chini, "Nenda ukaulize taratibu. Usimwambie mtu." Nikasema ndiyo mama, na nilimaanisha.

Mume wangu ni mpishi wa watalii, alikuwa mlimani siku ya tatu, hapatikani. Nikabaki peke yangu na hofu yangu. Polisi naogopa, siwafichi, kwa hiyo kwanza nikajaribu njia ya mkato, nikaandika kwenye simu namna ya kujua kama mtu amekamatwa. Ikaniletea mambo ya Marekani, eti huko unaandika jina la mtu na mji wake, inatoka picha yake, saa aliyoingizwa ndani, kosa lake, na kama dhamana iko wazi, yote hayo umekaa kwako unakunywa chai. Nikaandika jina la baba mkwe na Moshi. Ikaniletea bei za kupanda Kilimanjaro. Huku kwetu, ndugu zangu, habari za mtu aliyekamatwa ziko kwenye daftari moja kubwa pale kaunta, na kujibiwa kunategemea afande wa zamu ameamkaje. Nikafunga kibanda nikaenda.

Afande wa siku hiyo alikuwa dada mmoja mpole tu, anakunywa chai. Nikamwambia namtafuta mzee wangu.

"Wewe ni nani yake?"

"Mkwe."

"Anaitwa nani?"

Kabla sijafungua mdomo akaitwa chumba cha nyuma, akainuka, akaweka kikombe juu ya daftari lililokuwa wazi, akaenda. Sasa mimi nimesoma shule ambayo kitabu kimoja kilikuwa cha watoto watano, na nafasi yangu ilikuwa ng'ambo ya dawati, kwa hiyo kusoma maandishi yaliyopinduka naweza tangu darasa la pili. Macho yakaenda yenyewe. Nikasoma "kujeruhi". Baada ya hapo kikombe. Na pembeni ya kikombe, kwenye mstari ule ule, jina la baba mkwe, majina yote matatu pamoja na kijiji.

Ningeuliza tu, jamani, si ndicho kilichonipeleka? Lakini nilijiona nimeiba siri ya serikali, nikawaza nikimtaja mzee afande atajua nimechungulia na mimi mwenyewe nitawekwa ndani, nani atamchukua Elia shule. Afande akarudi akasema, "Ehe, ulisema anaitwa nani?" Nikamjibu, "Basi afande, nitarudi." Nikatoka mbio.

Nikawaza: mahabusu lazima apelekewe chakula, na lazima apate mdhamini mwenye barua ya mwenyekiti wa kijiji. Chakula nitapika. Mdhamini je? Nikampigia mtu mmoja, mmoja tu, Shangazi Ndeshi, dada yake mzee. Nikamwambia baba yuko ndani kwa kosa la kujeruhi, na nikamwapiza asimwambie mtu. Akasema, "Kujeruhi kunamalizwa nyumbani. Nakuja na isale."

Kwetu Wachagga, ukiletewa jani la isale kuombwa msamaha hulikatai, hata kama mtu amekukata panga. Shangazi analiamini isale kuliko wakili yeyote. Nikatulia kidogo, nikaenda nyumbani Rau, nikapika mtori wa ndizi, chumvi nikatia mara mbili.

Saa nane nimefika getini kituoni na chupa ya mtori, nikaona pikapu inasimama. Akashuka shangazi, wakashuka baba wadogo wawili, wakashuka wake zao, watu wakaendelea kushuka mpaka nikahesabu kumi na mmoja, na wa mwisho akashuka mwinjilisti na Biblia yake. (Shangazi naye alimwambia mtu mmoja tu.) Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia shangazi tuingie wawili, wengine wabaki nje, akanijibu, "Mzee haachwi peke yake," na msafara ukaingia.

Kwenye benchi alikuwapo kijana mmoja amefungwa bendeji kichwani, damu bado mbichi. Shangazi hakuuliza kitu. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya polisi, mama wa miaka sabini, akamnyooshea isale kwa mikono miwili.

"Mwanangu, tumekosa. Mzee Ndelilio amekuumiza, lakini ni mzee wa kanisa, hajawahi kumpiga mtu. Pokea."

Kijana akapokea, mkono wa Mchagga kwa isale unakwenda wenyewe. Akaliangalia, akatuangalia.

"Nimepokea, mama," akasema. "Lakini mimi nimeanguka na bodaboda. Nimekuja kuchukua fomu ya polisi, PF3, niende hospitali."

Mwinjilisti, nadhani ili kuziba ile aibu, akafumba macho akaanza kuomba kwa sauti ya mimbarini, Bwana umkumbuke mtumishi wako Ndelilio aliye kifungoni. Na kwenye foleni, amekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea, alisimama mama mmoja wa kwaya yetu, yule ambaye akijua jambo asubuhi, jioni linajulikana mpaka Mabogini. Hakufumba macho hata kidogo.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka baba mkwe, koti la kanisani, kofia mkononi. Nyuma yake, peku, hana mkanda, ameshikilia suruali isianguke, akatoka mdogo wangu Godlisten.

"Mwinjilisti," mzee akauliza taratibu, "mnamwombea nani?"

Godi alikodi shamba la mpunga Mabogini, wakagombana na jirani kwa zamu ya maji, akampiga na mpini wa jembe. Akakamatwa Jumatatu jioni. Mtu aliyempigia simu siyo mimi dada yake, ni baba mkwe wangu. Mzee akashuka alfajiri, akapitia kwa majeruhi akampoza, jeraha lilikuwa dogo, akaja kumdhamini, akaandikwa, akazima simu kama anavyoizima kanisani, akakaa chumba cha ndani kumsubiri mkuu wa kituo. Alikuwa nyuma ya ukuta wakati mimi nakimbia. Jina lake lilikuwa kwenye sehemu ya mdhamini. Jina la mdogo wangu ndilo lililokuwa chini ya kikombe.

"Nilimwomba baba asikwambie, dada," Godi akasema, hata hakuniangalia. "Nilijua ukijua wewe, watu wote watajua."

Akawatazama wale kumi na mmoja. Nikampa mtori.

Jumapili mzee hakusimikwa. Mchungaji alisema tusubiri maneno yatulie, maana habari ya "kifungoni" ilishapanda mlima kabla yetu. Kilichoniuma ni kwamba mzee angeweza kujisafisha kwa sentensi moja, aseme tu nani alikamatwa, na hakusema. Alikaa benchi la mbele akaimba nyimbo zote. Mimi nililia mpaka mtu wa pembeni akadhani nina msiba.

Jioni ile nikapanda Uru na isale langu mwenyewe, limekatwa na shina lake. Nikapiga magoti. Mzee akalipokea, akaniambia niinuke, ndizi zinapoa. Jumapili iliyofuata Godi alisimama mwenyewe wakati wa matangazo akasema yote, na mzee akaja kusimikwa mwezi uliofuata.

Kwa hiyo nimeapa: nikimtafuta mtu nitauliza kwa mdomo, na nikiona kikombe juu ya daftari nitasubiri chai iishe. Na hata nikitaka kusahau sitasahau, kwa sababu lile isale mzee alilipanda pale pale kwenye njia ya kuingilia, na limeshika, sasa limenifika kiunoni. Kila nikienda nalipita. Nasema shikamoo baba, naye anaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye majani ya ng'ombe, halafu anaongeza, "Nipo, mkwe wangu. Leo sijakamatwa."