Dada Yangu Aliagiza Jeneza kwa Vipimo Vyangu

Fundi aliponiona naingia kwenye karakana yake, nyundo ilimponyoka ikamwangukia mguuni.

Hakulia. Alinikodolea macho tu.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "wewe si uko kitandani?"

Nikacheka. Nikamwambia kitandani nilishatoka tangu asubuhi, nimekuja kutafuta fimbo za pazia, fundi wangu wa siku zote amefunga.

Hakucheka. Macho yake yakakimbilia kona ya karakana, na mimi nikayafuata.

Kulikuwa na jeneza pale. Mbao nzito za rangi nyekundu iliyoiva, limepigwa msasa mpaka linateleza. Limebakiza vanishi tu.

Nikalitazama. Nikajitazama.

Urefu ulikuwa wangu.

Sasa ngoja kwanza niwaambie kuhusu dada yangu, maana bila yeye habari hii haiingii akilini.

Tumezaliwa wawili tu. Yeye alitangulia, mimi nikamfuata kabla hajajua hata kutembea vizuri, na nadhani hilo hajanisamehe mpaka leo. Sura moja, urefu mmoja, mwili mmoja. Mtaani wanamwita Jenerali. Ana saluni. Mimi nashona mapazia. Biashara zetu zinagawana ukuta, na ukuta huo ungekuwa na mdomo ungeomba uhamisho.

Nikipaka duka langu bluu, haipiti wiki saluni yake ina bluu iliyokolea zaidi. Akitundika kibao, natundika kikubwa. Akifungulia redio, mimi nakanyaga cherehani kama nafukuzwa.

Kwenye harusi ya binamu yetu tulikutana mlangoni tumevaa kitambaa kilekile. Hakuna aliyekubali kurudi kubadilisha. Tulikaa meza moja tumenuniana, watu wakadhani ni sare ya kamati.

Mama alishachoka kutuamulia. Alikuwa akisema, "Nyinyi wawili sikuwanyonyesha maziwa. Niliwanyonyesha pilipili."

Mtu wa namna hiyo akianza kukupenda ghafla, utafanyaje?

Mimi niliogopa.

Ilianza na chai. Asubuhi moja Jenerali aliingia dukani kwangu na chupa ya chai, akamimina kikombe mwenyewe, akakiweka kando ya cherehani.

"Kunywa, mdogo wangu. Unajichosha sana."

Mdogo wangu? Maisha yangu yote mimi huitwa "wewe".

Kesho yake akaja tena. Keshokutwa tena. Siku nyingine nikamsikia kupitia ukutani akimwambia mteja wake, "Mapazia? Nenda hapo kwa mdogo wangu, ana mikono ya dhahabu yule."

Sindano ikaniingia kidoleni.

Lakini kilichoninyima raha zaidi ni jinsi alivyokuwa akinitazama. Ningeinua kichwa nimkute amesimama mlangoni, kimya, ananiangalia kuanzia utosini mpaka miguuni. Mimi ni fundi, kutazama kule nakujua. Ndivyo unavyokitazama kitambaa kabla ya kukikata.

Siku moja akaniuliza, "Hivi, una kinyongo na mimi?"

"Ninacho," nikamjibu. Sikuona sababu ya kudanganya.

"Kikubwa?"

"Cha wastani."

Akashusha pumzi. "Kitoe, mdogo wangu. Si vizuri kubaki na vitu kama hivyo, mtu akishaondoka."

"Nani anaondoka?"

Akatabasamu. Akafunga chupa yake ya chai, akatoka.

Tangu siku hiyo chai yake sikuinywa. Akigeuka tu, naimwaga kwenye ua langu la dirishani, lile ua nililolilea kwa miaka.

Ua likafa.

Likakauka majani yote, likainama kama mtu aliyepewa habari mbaya. Nilikaa nalitazama, mkono kifuani. Ningekuwa mimi, je?

Nikampigia Mama. Nikamweleza kila kitu: chai, sifa, macho, ua.

Mama alinyamaza. Nyinyi hamumjui Mama. Mama hanyamazi.

"Mama, uko hapo?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa nzito. "Kunywa chai ya dada yako, mwanangu. Mwezi huu usimkatalie kitu."

Akakata simu.

Nikasema, kumbe na mzazi yumo!

Basi, nikiwa na hofu hiyo moyoni, ndipo nikaingia kwa yule fundi.

"Hilo jeneza ni la nani?" nikamuuliza.

Akajifanya anatafuta misumari.

"Fundi, nakuuliza."

"Dada, mimi nilikatazwa kusema."

"Sema hivyo hivyo."

Akakaa juu ya ubao, akajifuta jasho. Akaniambia alikuja mama mmoja wa saluni, mwenye wigi na rangi ya mdomo, anayeongea kwa kuamrisha. Akasema ana mdogo wake mgonjwa sana, madaktari wamesema familia ijiandae. Fundi akamuuliza mgonjwa ana mwili gani. Yule mama akatoa simu, akamwonyesha picha.

"Picha ya nani?"

Akaninyooshea kidole.

"Akasema wewe mwenyewe hujaambiwa. Akasema hata ukipata nafuu ukatoka, nikikuona barabarani nisikwambie. Ila hapa si barabarani, dada. Na mimi nina moyo."

Nikashika ukingo wa kitu cha karibu nisianguke. Kilikuwa ni lile jeneza.

"Kuna kitu kingine alichosema?"

"Alitaka mbao bora kabisa. Na satini ya ndani..." akasita. "Alisema satini ya ndani nitafute fundi mwingine popote, lakini asiishone yule wa mapazia jirani yake. Eti anapindisha mishono."

Yaani ananiua, halafu na kazi ananinyima?

Nilitoka pale bila fimbo za pazia. Nikapita dukani, nikachukua mkasi wangu mkubwa, nikautia mkobani. Sijui nilitaka kuufanyia nini. Nilitaka tu niwe nao.

Saluni ilikuwa imefungwa, mchana kweupe. Jenerali hafungi saluni. Hata siku umeme ulipokatika aliwasuka watu barazani.

Nikaenda nyumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikausukuma. Kimya. Sebule imepangwa, kila kitu mahali pake, mapazia yamefunguliwa yote. Nyumba ilikuwa safi namna ambayo nyumba ya mtu anayeishi haiwi.

Nikaingia chumbani.

Juu ya kitanda kulikuwa na gauni. Limelazwa chali, mikono imekunjwa kifuani, viatu vimewekwa chini ya pindo.

Jenerali alikuwa ameketi kando yake, amenipa mgongo. Hana wigi. Hana rangi ya mdomo. Kwa nyuma nilidhani ni Mama.

"Umeagiza jeneza langu!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Nimeliona! Nimelishika kwa mkono wangu!"

Akageuka taratibu. Akanitazama kuanzia utosini mpaka miguuni.

"Lako?" akasema. "Wewe? Kwenye mbao zile? Wewe ukifa utalala kwenye mbao za kawaida kama binadamu wenzako. Lile ni langu."

Nikalitazama lile gauni kitandani, kisha nikamtazama yeye.

"Langu," akarudia, na safari hii sauti ikamkatika katikati.

Nikakaa. Nilikaa palepale sakafuni, na mkoba wangu na mkasi wangu.

Ndipo akaniambia. Ana uvimbe tumboni. Ameuficha mpaka ukakataa kufichika. Keshokutwa anapasuliwa, na daktari amemweleza bila kuzunguka kwamba umekaa pabaya, lolote linaweza kutokea. Mama anajua. Dada amemwapisha asiseme.

"Sasa picha yangu ya nini?"

"Ningemwambia fundi ni langu mwenyewe angenikimbia. Nani anampima mtu wa jeneza akiwa amesimama? Na mwili wetu ni mmoja. Nikaona nisimchoshe."

"Na kwa nini hukuniambia mimi?"

Akalisawazisha lile gauni, ingawa lilikuwa limenyooka.

"Niliogopa ungefurahi."

Nimewahi kumjibu dada yangu kila alichowahi kuniambia, lakini safari hii niliutoa mkasi mkobani, nikausukuma chini ya kitanda.

"Na chai?" nikauliza. "Na mikono ya dhahabu? Na 'mdogo wangu, mdogo wangu'?"

Akaangalia pembeni. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Jenerali ana aibu.

"Mama amezeeka, hawezi kusimama mbele za watu. Mimi sina mtoto. Atakayesoma wasifu wangu siku hiyo ni wewe." Akameza mate. "Na ulimi wako naujua. Nikaona nikulainishe mapema."

Nilicheka. Nisameheni, lakini nilicheka mpaka nikajiegemeza kitandani. Naye akaanza. Tukacheka wote wawili, kisha sijui nani alianza kulia kwanza. Yeye anasema mimi. Alikuwa yeye.

"Lakini ua langu limekufa kwa chai yako," nikamwambia nikijifuta.

"Ulilimwagia chai ya moto?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Ndiyo."

"Na unashangaa nini?"

Keshokutwa ikafika. Mimi ndiye niliyembebea begi hospitalini. Walipomweka kwenye kitanda cha magurudumu akanikamata kiganja. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama bati la asubuhi.

"Ukisoma," akaninong'oneza, "usiseme nilikuwa mkali. Sema nilikuwa na msimamo."

Wakamsukuma. Mlango ukajifunga.

Nesi akanijia. "Wewe ndiye ndugu yake?"

"Ndiyo, damu moja."

"Kuna dawa yoyote inayomdhuru? Hatukupata nafasi ya kumuuliza vizuri, ana hofu nyingi."

"Sijui."

"Aliwahi kupasuliwa kabla?"

"Sijui."

"Maumivu yalimwanza lini?"

Nikamtazama yule nesi. Angeniuliza dada yangu alimtukana nani kwenye harusi ya binamu, ningemtajia mpaka rangi ya kilemba cha aliyetukanwa. Angeniuliza nguo zangu alizowahi kuchukua bila kurudisha, ningemhesabia. Kumbe alikuwa akiumia upande wa pili wa ukuta wangu, na ile redio alikuwa akiifungulia sana ili wateja wasimsikie akiugulia.

Hilo la redio nililijua baadaye, kwa wasichana wake wa saluni.

"Sijui," nikamjibu nesi. "Mpigie mama yetu, tafadhali."

Tulingoja. Mama alifika, akakaa kando yangu. Kila mlango ulipofunguka tulisimama, kisha tukakaa tena. Watu wengine waliitwa wakaenda na daktari chumbani, wakatoka wakilia. Nilianza kumchukia kila aliyevaa nguo za kijani.

Hatimaye daktari akatoka. Akavua barakoa. Akainamisha kichwa. Mama akanishika goti, kucha zikaniingia.

"Uvimbe umetoka wote," akasema. Kumbe alikuwa anainama kukunja mikono ya shati. "Na hauonekani kuwa ule tuliokuwa tunauogopa, ingawa tutaupima. Mgonjwa wenu ana moyo wa chuma."

Majibu ya vipimo nayo yalikuja mazuri.

Yule fundi nilimfuata mwenyewe kumwambia jeneza auze, hakuna aliyekufa. Alinitazama sana.

"Nyinyi familia yenu," akasema, "siku nyingine mkubaliane kwanza ni nani anayekufa, ndipo mje."

Lakini turudi nyuma kidogo, siku dada yangu alipozinduka baada ya kupasuliwa: nilikuwa nimelala kwenye kiti. Nikahisi mtu ananitazama. Nikafungua macho.

"Unakoroma," akasema, sauti bado nyembamba. "Wodi nzima inakusikia. Unanitia aibu."

Nikamsogelea. Nikainua shuka kidogo, nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza tangu tuzaliwe.

"Unaumia wapi?"

Akataka kunijibu kwa ukali, nikaona kabisa mdomo unajikunja. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka.

"Hapa."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, kila mmoja wenu ana mtu wa damu yake anayemwudhi. Makosa yake mnayajua yote kwa mpangilio. Lakini anaumwa nini? Anaogopa nini? Usingizi anapata? Kama hujui, hujamjua bado, unajua kesi zenu tu.

Mpigie leo. Na akikutukana, usikate simu. Mwache amalize. Mtu anayetukana kwa sauti kubwa vile, mapafu yake ni mazima.