Shujaa Aliyeangukia Mtoni

Juzi, katika kuzunguka kwangu, nilisimama Korogwe kunywa chai. Kwenye televisheni ya mgahawa palikuwa na tamthilia inayoendeleza kitabu cha katuni cha zamani, cha yule shujaa mwenye barakoa niliyemsoma utotoni. Vijana walikuwa wakibishana.

"Wamemzeesha, hana maana!"

"Kaa kimya wewe! Alizama mtoni miaka yote hiyo, ulitaka atoke na sura ya mtoto?"

Niliiacha chai mezani.

Siku moja utotoni, kwetu Hale, mdogo wangu Zaina alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, homa imemkausha midomo. Upepo ulileta harufu kali ya mabaki ya mkonge. Nilimsomea kitabu hicho mpaka shujaa alipoangukia mtoni.

"Kaka, atatoka?"

"Atatoka. Subiri."

Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakavua ndala na kukaa kimya. Nilidhani wamekuja kusikiliza hadithi, nikapaza sauti. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikadhani ni moshi wa kuni.

Kisha mzee wa nyumba ya pili akaketi karibu na kichwa cha Zaina, akaanza kusoma Yasini. Sasa najua mgonjwa husomewa lini. Siku ile niliona ananikatisha tu.

"Shikamoo babu. Bado sijamaliza."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwache mwenzio apumzike."

Zaina alikuwa amefumba macho. Nilimkasirikia sana mzee yule, maana nilidhani amembembeleza mdogo wangu akalala kabla sijafika ukurasa wa mwisho.