Fundi Aliyepaka Injini Poda

Habari za kifo chake zilinikuta Barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo nadhani yeye mwenyewe angependa zinikute. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kioo cha pembeni cha gari langu, baada ya mtu kuking'oa mchana kweupe, na nilikuwa nikibishana na muuza vipuri kama kioo anachotaka kuniuzia si kile kile changu. Simu ikalia. Aliyepiga ni mtu aliyewahi kuwa dereva wangu, ambaye hunipigia mara moja au mbili kwa mwaka. "Bosi, mzee ametuacha," akasema. Nikauliza mzee gani, maana katika umri wangu wazee ni wengi na wanaotuacha ni wengi vilevile. "Mzee wa poda," akanijibu. Nilikilipia kile kioo bila kubishana tena.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii sitaji jina la mtu. Leo pia sitataja, ingawa nitakiri kwamba desturi hiyo si safi kama nilivyozoea kujisifu. Marehemu alikuwa fundi wa injini za dizeli kule Waithaka. Karakana yake ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne katika kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake, upande mmoja zizi la ng'ombe wawili, upande wa pili malori matatu au manne yaliyokula chumvi nyingi. Gari la petroli hakuligusa. Ukimletea, alikuelekeza kwa jirani kwa adabu, kama daktari wa macho aliyeonyeshwa jino. Na katika mfuko wa ovaroli lake halikukosekana kopo la poda ya watoto. Mwanamume wa miaka sitini na kitu, grisi imemkolea hadi kwenye kucha, ananukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa! Watu walimtania hata kanisani, naye alicheka nao.

Nilimjua kwa sababu ya lori. Mwanzoni mwa miaka hii ya elfu mbili, zile nyumba za zamani za Kileleshwa zenye bustani zilianza kubomolewa moja baada ya nyingine ili ghorofa zijengwe, na kila mwenye macho aliona kwamba ghorofa zinataka mawe. Mimi na mke wangu tukaona pia. Tukanunua lori kuukuu, tukaajiri dereva mtulivu, mtu wa mkoa wa Magharibi, mwanakwaya, mwenye mke na watoto, akaanza kubeba mawe kutoka machimboni. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili dizeli ikaanza kupotea. Safari zilikuwa zile zile na mzigo ule ule, lakini tangi lilikauka kabla ya wakati. Mafundi watatu waliliangalia. Mmoja alibadilisha mipira ya mafuta, wa pili akakaza kila nati aliyoifikia, wa tatu akatandika kadibodi chini ya injini kutwa nzima akapata madoa mawili ya kuhurumia. Nikapiga hesabu yangu ya haraka: kama dizeli haimwagiki, basi inanyonywa, na mwenye funguo ni mmoja.

Hapo nikafanya jambo ambalo mwenye safu hulifanya upesi kuliko mwenye lori. Nikaandika. Jumatano moja nilianza safu hii kwa methali, kikulacho ki nguoni mwako, nikaeleza jinsi mtu anavyoweza kumtakia mwizi wake safari njema kila asubuhi. Jina sikutaja. Nilisema tu "dereva wangu", nikataja lori la mawe na ujenzi wa Kileleshwa, kwa kuwa habari isiyo na mahali haina ladha. Nilipongezwa sana. Waajiri wenzangu waliniandikia barua, kila mmoja na mwizi wake. Nikapanga kumfuta yule mtu kazi Jumamosi.

Jumamosi alikuja na funguo mkononi, tayari kunikabidhi. Hakulia wala hakuapa. "Bosi, nifute tu," alisema. "Lakini wacha kwanza mzee wa Waithaka aangalie hii gari. Akisema haina kitu, nitaenda." Nilikubali, nusu kwa huruma na nusu kwa kiburi, maana nilitaka kushinda mbele ya shahidi.

Fundi hakutaka maelezo yangu marefu. Aliisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, akaipanguza kwa matambara mpaka kwenye pembe ambazo sikujua kama zipo, akaiacha ikauke. Kisha akatoa kopo na kunyunyiza poda ubavu mzima, kwenye pampu, mabomba na nozeli, mpaka lile dubwana likawa jeupe. Niliangua kicheko. "Cheka tu," akaniambia. "Mafuta inatoka huku, feni inaisukuma kule, halafu inakuja kuanguka hapa chini. Sasa wewe unaona hapa chini, unasema ni hapa. Panguza kwanza. Halafu ungoje." Injini ikawashwa na chai ikaletwa. Tukachuchumaa watu wazima watatu, vikombe mkononi, tukiitazama injini kama watu wanaotazama mpira. Nakiri kwamba kwa muda nilisahau kabisa kilichonileta. Nilitaka kuona. Mara doa dogo la kijivu likajitokeza chini ya nati moja, likateremka taratibu kwenye ule weupe na kuacha mstari, na mtu yeyote, hata mwandishi, angeweza kuufuata mstari ule juu hadi ulipoanzia. La pili likatokea kwenye bomba jembamba linalorudisha mafuta tangini. Fundi akazima injini, akafungua, akatoa washa za shaba, zile pete za kuziba maungio, akaziweka kwenye makaa mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini. Shaba ikikaa sana inakuwa ngumu na haizibi, alinieleza, lakini ukiichoma inarudi kuwa laini. Nilimwuliza maswali mengi hata akaniuliza kama nimekuja kujifunza kazi.

Nikadhani yamekwisha. Fundi akatikisa kichwa. "Hii ni ya kuchafua injini. Haiwezi kumaliza tangi." Moyo wangu, nasema ukweli, ulifurahi kidogo. Kisha akamgeukia dereva. "Dere, oili unaongezanga baada ya siku ngapi?" Nikajibu mimi, kwa majivuno ya mwenye mali. "Hii injini haiongezwi oili. Tangu mwaka jana hatujaongeza hata kikombe."

"Nimeuliza dere," fundi akasema.

Dereva akaangalia viatu vyake. "Mzee, haipungui. Inapanda. Nilishaambia bosi hiyo maneno, akaniambia nitafute mjinga mwingine."

Ilikuwa kweli. Miezi mitatu nyuma alikuwa ameniambia kwamba kila akipima oili anaikuta imeongezeka, nami nikaona ananidharau, maana ni nani asiyejua kwamba oili hupungua? Fundi akachomoa kile kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Akanusa, akanipa ninuse, akaisugua kati ya vidole, ikateleza kama maji. "Injini ya umri hii lazima ikunywe oili," alisema. "Ikikataa kukunywa, uliza inapewa nini ingine." Akaomba karatasi. Dereva akapanda kwenye kabini akarudi na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne, akautandaza juu ya bampa. Ilikuwa safu yangu ya Jumatano. Kule machimboni walikuwa wamemsomea kwa sauti, alinieleza siku nyingine, na msomaji aliirudia ile methali mara mbili ili watu wacheke vizuri. Siku hiyo aliushika tu ukurasa usipeperuke.

Fundi akadondosha tone moja, likaangukia karibu na picha yangu. Weusi ulibaki katikati, na kuuzunguka ukaanza kutambaa mviringo mwepesi wa rangi ya chai, ukipita herufi moja baada ya nyingine. "Hiyo nyeusi ni oili," alisema. "Hiyo inatembea ni dizeli yako." Mpira wa ndani ya pampu ndogo, ile inayovuta mafuta kutoka tangini, ulikuwa umepasuka, na kila injini ilipozunguka dizeli ilimwagikia ndani, kwenye oili, mahali ambapo kadibodi haiwezi kuona. Wiki chache zaidi na injini ingekufa. Kilichonila kilikuwa nguoni kweli, ila nilikosea nguo. Na ile sifa niliyokuwa nikiipigia kifua mbele ya marafiki, ya lori lisiloongezwa oili, ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe.

Nikamwomba dereva msamaha pale pale. Akasema, "Ni sawa, bosi," kwa sauti ambayo haikuwa sawa. Fundi akanikabidhi pampu mbovu imefungwa kwenye gunia, akanituma mjini, Barabara ya Kirinyaga, nikatafute mpira unaolingana nayo. Alinituma mimi. Dereva yeye aliambiwa akae anywe chai. Niliporudi na kazi ikaisha, fundi alinisindikiza hadi njiani, akasimama. "Mwandishi, hapa msamaha imesikika na watu watatu," alisema. "Ile ya gazeti ilisikika na wangapi? Hii nayo utaandika lini?" Nikamwambia wiki ijayo.

Wiki ijayo kulikuwa na jambo la siasa. Iliyofuata kulikuwa na mvua na mafuriko. Kisha nikajiambia kwamba sikutaja jina la mtu, kwa hiyo hakuna jina la kusafisha. Ni hoja ya kiungwana sana, nami niliishi nayo miaka mingi. Lakini machimboni kila mtu alilijua lile lori. Dereva alinifanyia kazi miaka miwili zaidi, na mara mbili alinyimwa kazi nzuri kwingine kwa sababu kuna aliyekumbuka kwamba ndiye yule wa gazetini. Hakuniambia yeye. Aliniambia fundi, siku niliyompelekea lori likiwa na tatizo la breki, akaniambia bila kuacha kufunga nati.

Najua msomaji anangoja nilinganishe injini hii na serikali. Ni rahisi mno, sitafanya. Ninachojiuliza kiko karibu zaidi na nyumbani. Tazama tunavyoishi na watu wanaoshika funguo zetu. Kule mtaa wa Karen mlinzi aliyekesha langoni hupekuliwa mfuko akienda kwake. Kileleshwa sukari ikipungua, yaya huulizwa kabla ya watoto. Tunawatazama kwa sababu wako chini, na tone huanguka chini. Yule mzee hakuwa mtakatifu, alikuwa mkali na alichelewesha kazi kupita kiasi, lakini sikuwahi kumsikia akimtaja mtu kabla hajapanguza injini. Hata siku ile ya simu, mimi nilikuwa namshuku muuza vipuri. Niliporudi garini nilikigeuza kile kioo na kukuta ni cha muundo mwingine kabisa, hakikuingia.

Tulimzika Ijumaa, nyuma ya karakana, karibu na zizi. Malori yalipangwa kando ya njia, na harufu ya dizeli ilikuwa kali kuliko ya maua. Dereva wangu wa zamani alisimama karibu nami, nywele zimeanza mvi. Nikamwambia nilivyosikitika kwamba sikuja kumwona mzee akiwa mgonjwa. "Alikuwa anauliza," akasema. Nikauliza alikuwa akiuliza nini. "Kila nikimpitia, ananiuliza kama ile imeandikwa. Mimi namwambia bado." Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama mtu anayeripoti hali ya gari.

Basi na iandikwe, kwenye ukurasa ule ule nilikoandika la kwanza, ingawa aliyeidai hataisoma. Somo nililojifunza ni lake, nami nalirudisha lilivyo: panguza kwanza, halafu ungoje. Na ukikosea hadharani, usiombe msamaha kichochoroni. Dereva wangu, yule wa lori la mawe la Kileleshwa, hakuniibia hata tone. Aliniambia ukweli miezi mitatu kabla, na sikumsikiliza.