Mguu wa Mama na Mguu wa Kuku

Mama alivunjika muundi alipoanguka na baiskeli akirudi kutoka shambani, karibu kabisa na nyumba yetu hapa Kamina. Nilitoka nikamkuta amekaa chini, amelikumbatia goti lake. Sikuhisi kitu. Nilikwenda kutafuta ubao wa kumbebea.

Hospitali aliikataa katakata. Alimtaka fundi wa mifupa wa kijijini kwao, mzee mpole mwenye mikono mizito, naye alifanya kama inavyofanywa kwetu. Aliunyoosha mguu, akaufunga kwa vijiti, kisha akachukua kuku, akamvunja mguu na kumfunga vilevile. Siku kuku atakapotembea, mgonjwa naye atafunguliwa. Mama alimweka yule kuku kando ya kitanda, akawa anamlisha mahindi kwa mkono wake na kumgombeza kwa uvivu. Alikuwa na haraka, kwani shamba lake la mihogo lilikuwa linaingia magugu, na mama yangu bila shamba hana sababu ya kuamka asubuhi.

Mimi nafundisha biolojia, tena kwa Kifaransa. Kila mwaka nachora ubaoni ile ngozi nyembamba inayofunika mfupa, na ndani yake chembe hai changa ambazo bado hazina kazi. Mfupa ukivunjika, chembe hizo zinaamka na kuongezeka. Zile zilizo mahali palipotulia, zenye damu karibu, zinakomaa polepole mpaka zinakuwa wajenzi wa mfupa. Hata zikikomaa zinaanza kwa kutandika kitu laini, na kalsiamu inaingia baadaye, taratibu. Mguu ukitikisika mapema, nyingine zinapotea njia na kutengeneza gegedu tu, laini kama la sikio. Na kwa mzee chembe hizo ni chache, tena nzito kuamka. Naijua hadithi hiyo kama rozari, na wakati ule niliisema vivyo hivyo, midomo tu.

Basi kuku akatembea. Alichechemea mpaka mlangoni, akatoka nje, na mama akamwita fundi aje kumfungua.

"Mama, mungoye kidogo," nilimwambia. "Kuku iko mutoto, mifupa yake inakomaa mbio. Ya kwenu bado iko teketeke."

"Weye unafundishaka batoto, haunifundishe miye," alijibu. "Si kuku njo ule anatembea?"

Fundi alifungua vijiti. Sikumchukia, na sitaki mtu amcheke. Desturi ilisema afungue, naye alifungua. Mguu ulikuwa umenyooka vizuri sana. Mama aliusifu, akakanyaga nao, na kabla ya juma kuisha alikuwa shambani ameinama na jembe. Walimrudisha wamembeba. Mguu ulikuwa umepinda palepale pa zamani.

Safari hii alikubali hospitali. Walimtia plasta, tukangoja miezi, kisha wakapiga picha. Daktari aliishika dirishani, akanionyesha ncha mbili za mfupa, kila moja imejifunga peke yake, na katikati hakuna mfupa. Chembe zilikuwa zimeacha kujenga. Mguu huo hautabeba tena mzigo, alisema, na kupasua kwa umri wake hakumshauri. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani kusahihisha mitihani. Nilisahihisha vizuri, bila kukosea hata moja, na jambo hilo lilinitisha kidogo.

Nilimweleza mama jioni, kwa maneno machache. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Hakulia, hakumlaumu mtu. Alimaliza sinia, akalisukuma kando.

"Kesho uende kwa jirani," alisema. "Umuambie akamate shamba. Lakini asiache majani inamea."

Nilitaka kumkatalia. Nilitaka kumwambia nitalima mimi, na sote wawili tunajua sijui kulima, kwa sababu shamba hilohilo ndilo lililonisomesha nisilime. Hapo ndipo iliponiuma, baada ya miezi yote ile.

"Ndiyo, mama," nilisema.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani.