Sauti ya Baba Mdogo Katika Nyumba ya Foni

Wiki iliyopita umeme wa bwawa la Bendera ulikatika tena hapa Kalemie, nikaenda kuchaji simu kwenye kibanda kilicho karibu na reli. Nilipofika nikasimama kama mtu aliyesahau kilichomleta. Kibanda kile kimejengwa pale pale palipokuwa na nyumba ya foni. Juu ya bati kuna paneli za sola, na ndani kijana amekaa katikati ya nyaya kama samaki aliyenaswa. Nilimuuliza kama anajua hapo zamani palikuwa na nini. Akasema, "Hapa, Mama? Hapa ilikuwa tu nyumba ya watu." Sikumbishia, maana foni ilikufa yeye hajazaliwa.

Wewe rafiki yangu, kama ulikulia huku kwetu kabla ya simu za mkononi, unaweza kuruka sehemu hii. Kama hukukulia huku, kaa nikueleze. Foni ilikuwa redio ya kusemezana na watu wa miji ya mbali. Sanduku la chuma liliwekwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, kama mgeni wa heshima, likila umeme wa betri ya lori. Waya wake ulitokea dirishani ukapanda hadi kwenye mlingoti wa mwanzi juu ya paa. Ukitaka kuongea na ndugu yako wa Nyunzu, mwendesha foni wa Kalemie alimwita mwenzake wa kule, yule akatuma mtu amtafute ndugu yako, nanyi mkapewa randevu, yaani siku na saa ya kuongea. Siku ikifika, wewe unakaa kwenye benchi huku, naye anakaa kwenye benchi kule, na kati yenu kuna mngurumo mtupu, kama mafuta yanayochemka.

Siri haikuwepo. Sauti ilitoka kwa nguvu, na kila aliyekaa kwenye benchi akingoja zamu yake alisikia. Watu wa benchi walikucheka, walikusikitikia, na ukisahau la kuuliza walikukumbusha. "Muulize kama mutoto ameanza kutembea," wangesema, hata kama mtoto mwenyewe hawajawahi kumwona. Sisi watoto tulipenda kukaa chini ya dirisha. Tulijua nani amezaa, nani ameachwa, na mahari ya nani imekataliwa, na hatukulipa chochote.

Lakini nilichokistaajabia zaidi kilikuwa kitufe cha mikrofoni. Ukikifinya, unasema wala husikii. Ukikiachilia, unasikia wala husemi. Ukimaliza maneno yako unasema "avu", Kifaransa cha kumpa mwenzako zamu, kisha unaachilia kidole. Mimi napenda mashine, watoto wangu wananicheka kwa hilo, na nimetumia nyingi tangu wakati ule. Bado sijaona nyingine iliyobuniwa na mtu aliyewajua binadamu namna ile. Hakuwaomba watu wasikilizane, aliwalazimisha kwa kidole gumba.

Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kusikiliza. Nyanya yangu alitoka kaskazini ya ziwa akiwa bibi harusi wa mvuvi, na hata baada ya kufiwa na mume aliendelea kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni. Kazi yetu wajukuu ilikuwa kuzigeuza juani, kufukuza kunguru, na kukimbia na makapu mawingu yakisogea. Harufu yake ilikaa kwenye nywele zetu hata kanisani. Baba mdogo, mtoto wake wa mwisho, alipeleka ndagala kavu Nyunzu kwa treni. Jioni walipofunga magunia, yeye na mama yake walibishana juu ya kamba, juu ya chumvi, juu ya mvua iliyokwisha kunyesha, na wote wawili walisema kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Mama yangu alitwanga sombe, majani ya mihogo, pembeni akitikisa kichwa. Mgeni angedhani wanagombana, kumbe hapakuwa na watu waliopendana kuliko wale wawili.

Kisha vita vikakata reli. Baba mdogo alikuwa Nyunzu na mzigo wake, na treni iliyomchukua haikurudi. Msimu wa mvua ukapita, na kiangazi nacho. Ndipo akaja msafiri mmoja, ametembea kwa miguu hadi nyayo zimepasuka, akasema kuna mchuuzi wa samaki wa Kalemie aliyeuawa njiani akazikwa huko huko. Jina hakulijua. Alikumbuka tu watu wakisema marehemu alikuwa mrefu mwenye sauti kubwa. Kuanzia siku hiyo majirani wakaanza kuja kukaa uani kwetu kama matangani.

Baba yangu, ambaye alikuwa mkubwa wa baba mdogo na karani wa bandari, alitaka matanga yawekwe. Usimfikirie vibaya. Alimwona mama yake anakonda, anaacha bugali kwenye sahani, anashtuka kila mlango ukilia. Alimwambia, "Mama, tumulie mutoto wako, roho yako ipumuzike." Nyanya alimjibu bila kuinua kichwa. "Muniletee maiti ao muniletee sauti yake. Bila ile, hapana muntu atalia mu nyumba yangu." Mchungaji alikuja kumbembeleza, akapewa chai na jibu lile lile. Hata sisi watoto tulielewa hatari ilipokuwa. Tukiketi matangani, baba mdogo atakuwa amekufa kwa mama yake mwenyewe, hata kama yuko hai. Tusipoketi, nyanya atakufa kwa kungoja.

Mwendesha foni, mtu mnene mwenye sauti ya kuimba, alikuwa akiiita Nyunzu kila asubuhi, na Nyunzu ilikuwa imenyamaza tangu vita vilipofika huko. Asubuhi moja ikaitika. Akaomba watu wa kule wamtafute baba mdogo, na baada ya siku kadhaa jibu likaja kwamba kuna mtu wa jina hilo, yuko mashambani, ataletwa. Baba hakufurahi. Alisema majina yanafanana, na kumpa mama yake tumaini la uongo ni kumwua mara mbili. Nyanya alikuwa ameshaanza kupiga pasi kitenge chake cha kanisani.

Siku ya randevu tulitoka mapema. Jirani yetu muuza mikate ya kukaanga aliacha mafuta yake jikoni akatufuata, mikono ikiwa bado na unga. Benchi lilijaa, dirisha likajaa, na baba akasimama mlangoni, amevaa kama mtu anayekwenda mazikoni. Mimi nilikaa sakafuni, nimeegemea magoti ya nyanya. Mwendesha foni akamwelekeza kwa upole. "Mama, unafinya hapa, unasema. Ukimaliza unasema avu, unaachilia. Usiogope." Nyanya akasema haogopi.

"Nyunzu, Nyunzu, hapa Kalemie. Mama amefika. Avu."

Mngurumo. Kisha, "Kalemie, muntu wenu iko hapa. Avu." Na baada yake sauti nyingine ikasema neno moja tu, "Mama?"

Haikuwa sauti ya baba mdogo. Ilikuwa nyembamba, ya puani, kama ya mtu anayesema ameinamia ndoo. Watu wa benchi wakatazamana. Baba akafumba macho akatikisa kichwa polepole. Nyanya akaichukua mikrofoni kwa mikono miwili, akafinya, akaanza.

"Weye ni nani? Kama njo weye, uniambie baba yako alikuwa anakuita namna gani. Unalala wapi? Nani anakupikia? Wameniambia umekufa, wanataka nikulie, miye nimekataa. Usinidanganye, miye niko muzee, ukinidanganya Mungu anakuona..."

Aliendelea hivyo, anauliza na hangoji kujibiwa, kidole chake kimekazwa hadi ukucha umekuwa mweupe. Mwendesha foni akamwambia, "Mama, achilia kidogo, umusikie."

"Nikiachilia ataenda," nyanya akasema.

Alisema hivyo bado amefinya, na hakuwa anamjibu mwendesha foni tu, alikuwa anatuambia sote. Aliamini kidole chake ndicho kinachomshikilia mtoto wake asipotee tena. Benchi zima likaanza kumbembeleza. "Achilia, Mama. Achilia." Jirani muuza mikate akapiga magoti mbele yake, akaweka mkono wake wenye unga juu ya mkono wa nyanya, akakiinua kile kidole taratibu.

Mngurumo ukarudi, na ndani yake sauti ile nyembamba ikiwa katikati ya maneno, inakwenda mbio.

"...hapana, Mama, miye njo niko nasema, unisikilize kwanza, siyajamaliza, weye kila siku unanikatia..."

Hakungoja. Muda wote nyanya alipokuwa anasema, na yeye alikuwa anasema. Wote wawili walikuwa wamefinya, mmoja huku na mwingine kule, kila mtu anampigia mwenzake kelele asizozisikia. Mwendesha foni, aliyejua foni humfanya kila mtu asikike wa puani, akaanza kucheka peke yake. Nyanya hakucheka. Uso wake ulifunguka, sijui niseme vipi, nilimwona akiwa msichana.

"Njo yeye, ni mutoto wangu," akasema. "Hakuna muntu mwingine anaweza kunikatia maneno namna hii."

Akaishusha mikrofoni mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamsikiliza mtoto wake hadi mwisho. "Niko muzima, Mama. Nilijificha mu mashamba ya watu, niko nalima mihogo. Wakisema nimekufa, usikubali. Na umwambie kaka yangu avue viatu vyangu vyeusi, nitarudi kuvivaa. Avu."

Benchi zima liligeuka likatazama miguu ya baba yangu. Viatu vilikuwa vyeusi, vimepakwa dawa vikang'aa. Baba alicheka, kisha akafunika uso akalia kwa sauti, yeye aliyekuwa akituhimiza sote tulie. Akavivua pale pale mlangoni, akarudi nyumbani peku amevikumbatia, na watu wa benchi walitusindikiza hadi uani kwetu kabla ya kukumbuka kwamba randevu zao zimewapita.

Foni ile iliingia nyumbani kwetu kwa namna nyingine pia. Nyanya aliamua kwamba kifaa kilichomrudishia mwana kina akili, basi kifuatwe. Mezani mtu alisema, akamaliza, akasema avu, ndipo mwingine akafungua kinywa. Baba akianza hotuba ndefu, nyanya alimwonyesha kidole gumba na kumwambia aachilie. Mimi ambaye nilikuwa mdogo wa wote nilipata zamu yangu sawa na baba, karani wa bandari, na hadi leo naamini nilijifunza kusema mbele za watu kwa sababu ya kitufe kile.

Baba mdogo alirudi reli ilipofunguliwa, akavaa viatu vyake wiki moja, kisha akarudi Nyunzu, maana alikuwa ameoa huko. Baadaye simu za mkononi zikafika. Ndugu yangu, nilizipokea kwa mikono miwili na sijaacha kuzishangaa. Nyanya alipata kasimu kadogo kenye tochi, na kwa mara nyingine yeye na mtoto wake wakaweza kusema kwa pamoja kama zamani. Nilifurahi kuliko wao. Kitu kimoja tu alikikataa, kuweka simu sikioni. Alifungua sauti yote akatoka nayo uani, jirani muuza mikate akasogea, na wengine wakasogea. "Habari ya kusikia peke yangu nitaifanya nini?" alikuwa akisema.

Alikufa akiwa mzee, kitandani kwake. Baba mdogo alikuja, akakaa matangani amejikunyata, akasema kinachomuumiza ni kwamba siku ile ya foni hakuyasikia maneno ya mama yake. Alisikia tu yake mwenyewe, na baadaye mama yake hakutaka kuyarudia. "Siyajue alikuwa ananiambia nini," akasema.

Muuza mikate, amezeeka sasa, anatembelea fimbo, akasogeza kiti. Akayasema yote kwa mpangilio wake: weye ni nani, unalala wapi, nani anakupikia, wanataka nikulie, miye nimekataa. Wengine wawili wa benchi lile wakamkumbusha alipokosea. Kisha akamwambia jinsi kidole kilivyokataa kutoka, na nyanya alivyosema, "Nikiachilia ataenda."

Baba mdogo hakumkatiza. Muuza mikate alipomaliza, baba mdogo alimwomba arudie, naye akarudia.

Wale watatu wa benchi tumeshawazika wote. Simu yangu imejaa sauti za watoto wangu, wako Lubumbashi na Kigoma, wananisalimu asubuhi na jioni, zinasikika safi kama wamekaa jikoni kwangu. Nazipenda, nazisikiliza mara mbili mbili, na kila moja nimeisikia peke yangu. Siku nitakaposahau walichoniambia, sijui nitamuuliza nani.